Picha Iliyochorwa kwenye Mlango wa Kabati

Darasa la tatu lilipopangiwa siku ya kwenda makumbusho, mwalimu alitaka mzazi mmoja wa kuandamana naye. Wazazi wakawa kama paka walioitwa kuoga: huyu ana kazi, yule ana mgonjwa, mwingine simu yake haipatikani. Mwishowe akapatikana Bibi Vifungo. Yeye hakuwa mzazi wa mtoto yeyote mle darasani ila bibi wa mmoja wao, msichana mwenye pengo mbele na maswali mengi kuliko meno.

Walimwita Bibi Vifungo kwa sababu alikuwa fundi wa kushona miaka arobaini na mitano. Macho yalipochoka aliacha cherehani, lakini hakuacha kutazama nguo za watu. Alimjua mtu kwa pindo lake kabla hajamjua kwa jina. Njiani aliwashika wale watoto thelathini kwenye mstari kwa vitendawili, maana mtoto anayefikiri hakimbilii barabarani.

"Kitendawili," alisema.

"Tega."

"Ana jicho moja, na kila anapopita huacha mkia wake nyuma."

"Nyoka chongo," akasema mmoja.

"Nyoka chongo ni babu yako. Mwingine?"

"Sindano na uzi," akajibu mjukuu wake.

"Wewe nyamaza. Unakula kwangu, huruhusiwi kujibu."

Makumbusho walipokewa na binti mmoja mwembamba mwenye miwani, ndiye aliyewatembeza. Kabla hata ya shikamoo kuisha Bibi alishaona pindo la sketi yake limefumuka nyuma. Akachomoa pini aliyoitunza kwenye ukosi wa gauni lake, akainama, akalibana.

"Marahaba mwanangu. Sasa tembea, hakuna atakayejua."

Binti akacheka, akawaongoza hadi chumba cha mwisho, mbele ya picha moja tu, akawakalisha sakafuni.

"Leo hatutazami picha zote," aliwaambia. "Tutatazama moja mpaka yenyewe ituchoke. Ni picha ya wakati wa vita, ilikuwa imefungiwa kwenye ghala la jeshi miaka mingi, imeletwa kwetu mwaka huu. Msisome kile kibao cha pembeni. Mseme mnachokiona, na kila atakayesema nitamuuliza: unajuaje? Sawa?"

"Sawa."

Bibi Vifungo alikuwa bado anatafuta kiti. Akakipata, akakaa, akavua kiatu cha kulia kilichombana, akapumua. Ndipo akainua macho.

Ilikuwa picha ya chumba. Mama mmoja amekaa kwenye cherehani, amewapa mgongo watazamaji, kichwa kimeinama. Dirisha lake limebandikwa vipande vya karatasi kwa mshazari. Mbele yake kuna meza kubwa ya kukatia nguo, na chini ya meza amekaa msichana wa miaka saba hivi, amekunja miguu. Kando ya msichana kuna rundo la suruali za kaki.

Bibi akakivaa tena kile kiatu. Hakujua kwa nini alikivaa. Mtu huvaa viatu anapotaka kuondoka. Lakini hakuondoka.

"Ni vita," akasema mtoto wa mbele.

"Unajuaje?"

"Dirisha lina karatasi. Babu alisema walibandika ili bomu likilia kioo kisiwarukie."

"Vizuri sana. Mwingine?"

"Yule mama amechoka."

"Unajuaje, na uso hatuuoni?"

"Kiatu kimoja amekivua," mtoto akasema, na wenzake wakageuka kumtazama Bibi wakacheka, maana walikuwa wamemwona.

Mwingine akauliza kwa nini picha ina tundu pembeni, tena tundu la ufunguo. Binti alifurahi kama aliyesubiri swali hilo tangu asubuhi. Akawaeleza kuwa vitambaa vya kuchorea vilikuwa havipatikani, na mchoraji alitumia mlango wa kabati. Kabati la nani, hakuna ajuaye.

Bibi alijua. Lilikuwa kabati la vyombo, lilikaa upande wa kushoto ukiingia, na baada ya mlango kung'olewa mama yake aliweka pazia.

Kisha akanyanyua mkono mjukuu wake. 

"Huyu msichana chini ya meza amekasirika. Anamwonea mtu wivu."

"Unajuaje?"

"Mdomo wake hivi." Akaukunja wake. "Na macho yake yanatazama pale kwenye suruali. Nguo haionewi wivu. Pale kuna mtu."

"Labda amejificha chini ya suruali," mwingine akasema.

"Labda ni panya."

"Panya ni wewe."

Binti akasogea karibu na picha akaitazama kama anaiona mara ya kwanza. "Kweli," alisema taratibu. "Anatazama nini huyu?"

"Anamtazama mdogo wake," alisema Bibi Vifungo.

Sauti ilimtoka kabla hajaipa ruhusa. Vichwa thelathini vikageuka.

Binti akatabasamu, akafuata sheria yake mwenyewe. "Unajuaje, bibi?"

"Kwa sababu ni mimi."

*

Mama yao alikuwa akilishonea jeshi nyumbani. Kila Jumatatu gari lilileta vitambaa vilivyokatwa, kila Ijumaa likachukua suruali zilizokwisha. Pini zilikuwa adimu kuliko sukari, na tena pini moja ikisahaulika ndani ya suruali ya askari, mzigo mzima hurudishwa. Kwa hiyo watoto walikuwa na kazi. Walikaa chini ya meza na sumaku iliyofungwa kamba, wakaivuta sakafuni, wakavua pini kama watu wanavyovua samaki. Sumaku ilitoka kwenye redio mbovu na ilikuwa ya mkubwa. Mdogo, wa miaka minne, kazi yake ilikuwa kuzihesabu pini, na hesabu yake iliishia tano kisha ikaanza upya. Waliomsikia akiongea kutwa walimwita Chiriku.

Mchoraji alikuja kupanga chumba cha nyuma baada ya kwake kupigwa bomu. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye kikohozi. Jeshi lilimtaka achore watu wanaofanya kazi za vita nyumbani, lakini hakubakiwa na kitu cha kuchorea. Mama akang'oa mlango wa kabati mwenyewe kwa bisibisi. "Chora hapa," alimwambia. "Ila unichoree na wanangu. Wanakua haraka mno, na wapiga picha wote wamekwenda vitani."

Mchoraji akawapanga mahali pa kukaa. Akamweka Chiriku mbele, pale mwanga wa dirisha ulipodondokea, na mkubwa nyuma kidogo kivulini. Kisha akasema neno dogo tu: "Mpe mdogo wako sumaku aishike. Kwa ajili ya picha."

Mkubwa akampa. Siku ya kwanza alivumilia. Siku ya pili Chiriku akaanza kumwambia kila aingiaye kwamba sumaku sasa ni yake, hata kwenye picha ni yake. Siku ya tatu mama akaenda kupanga foleni ya unga. Chiriku akachoka kukaa, akatoka nje. Mkubwa akasimama nyuma ya mchoraji, akaona uso wa mdogo wake umekwisha kuchorwa: mashavu, macho, na meno madogo yanayocheka. Wake ulikuwa bado rangi mbili tatu tu.

"Mama amesema umwondoe Chiriku," alimwambia.

Mchoraji akageuka. "Amesema lini?"

"Leo, wakati anatoka. Eti wakubwa wa jeshi wakiona mtoto mdogo amekaa juu ya sare zao, watatunyang'anya kazi."

Uongo mzuri hupikwa kwa ukweli kidogo, na huu ulikuwa nao. Mkaguzi wa jeshi alikwisha kumwonya mama mara mbili juu ya mtoto na vitambaa, na mchoraji mwenyewe alimsikia. Alimtazama yule msichana kwa muda. Kisha akashika kisu chake cha rangi. Msichana akatoka kuruka kamba. Hakutaka kuona, au tuseme hakujua kwamba kulikuwa na kitu cha kuona.

Mama aliporudi na unga wake aliusimamisha mfuko mlangoni. Akaitazama picha. "Na huyu mwingine yuko wapi?"

Mchoraji akamtazama msichana. Msichana alikuwa ameshika sumaku, ameikumbatia kifuani kwa mikono miwili. Mtu mzima hahitaji kuelezwa zaidi ya hapo.

"Nafasi ilikuwa ndogo, mama," alisema mchoraji. "Nisamehe. Nitamchorea wake peke yake."

Hakuwahi. Wiki iliyofuata jeshi lilimhamisha pamoja na picha yake, na habari zake zikakatika. Miezi minne baadaye surua ikaingia mtaani, na dawa zote zilikuwa zimepelekwa mbele kwenye mapigano. Chiriku aliugua siku sita. Hakuacha picha hata moja, hata ya ukubwa wa stempu.

Mama yao aliishi miaka arobaini na mitatu baada ya hapo. Kila mara mtu alipomwonyesha picha ya mtoto wake alisema, "Wenzangu mna picha. Mimi nina mchoraji aliyekosa nafasi." Na siku zilipomwia nzito aliongeza: "Huko aliko akose nafasi hata ya kulaza ubavu." Binti yake mkubwa alikuwa pale, akimmiminia chai, akisikia.

*

Haya yote hakuwaambia watoto. Aliwaambia kwamba palikuwa na mdogo wake, aliitwa Chiriku, alikufa kwa surua. Walipouliza mbona hayumo alijibu lile jibu lililozoeleka nyumbani kwao: "Mchoraji alikosa nafasi."

"Lakini nafasi ipo," mjukuu wake alisema. "Suruali zimekaa pale pale."

"Basi nyie mngekuwepo mkamfundisha kazi," akasema Bibi, na watoto wakacheka, na mwalimu akapiga makofi kwamba muda umekwisha.

Waliosema majuto ni mjukuu hawakukosea, ila kwake walikuja pamoja, majuto na mjukuu, wameshikana mikono wakarudi naye hadi nyumbani. Mjukuu aliongea njia nzima. Majuto hayakusema kitu, yalikaa tu mezani wakati wa kula.

Wiki tatu baadaye binti wa makumbusho alipiga simu. Alikuwa na furaha. Maneno ya watoto yalimfanya amwite fundi wa picha, yule anayetengeneza picha zilizozeeka, naye ameupiga ule mlango eksirei kama mtu aliyevunjika mguu. Chini ya suruali kuna mtoto. Bibi aje aone.

Bibi Vifungo alikwenda siku hiyo hiyo, hajanywa hata chai. Miaka hamsini na minane alikuwa akijaribu kuukumbuka uso wa mdogo wake na kupata kitu kama kitambaa kilichofuliwa sana. Sauti aliikumbuka. Ile hesabu inayoishia tano aliikumbuka. Uso ulimtoka alipokuwa na miaka kumi na miwili, na hakumwambia mama yake kwamba umemtoka.

Fundi alikuwa mtu wa makamo, mikono safi kuliko ya daktari. Akawasha taa chini ya picha ile ya kijivu ya eksirei. Bibi akaona gauni. Akaona mguu mdogo umenyooshwa mbele, na mkono umeinuliwa, na kamba inaning'inia kutoka mkononi, na mwisho wa kamba kuna kitu cha mviringo. Alipanda kwa macho hadi begani, hadi shingoni. Juu ya shingo palikuwa na mikwaruzo mitupu, kama ubao wa jikoni uliochakaa kwa kisu.

"Uso uko wapi?"

"Uliparuliwa, bibi," alisema fundi. "Nguo na mikono alifunika tu kwa rangi mpya, kwa sababu rangi ya chini ilikuwa imeanza kukauka. Lakini uso ulikuwa mbichi bado, ameumaliza siku ile ile. Rangi mbichi huwezi kuchora juu yake, itachafuka. Akaikwangua mpaka kwenye mbao. Angengoja siku mbili tu, leo tungemwona anavyocheka."

Alilisema lile la kucheka kwa kupamba maneno tu, hakujua. Bibi akashika ukingo wa meza.

"Sijui alikuwa na haraka gani," fundi akaendelea. "Mtu anaparuaje uso wa mtoto hivi hivi? Lazima alikuwa mtu mkavu wa moyo."

Binti naye alikuwa na karatasi mkononi. Alitaka kumfurahisha. "Tunabadilisha kibao, bibi. Kile cha zamani kimeandikwa 'mshonaji na mwanawe wa pekee'. Sikiliza hiki: 'Mshonaji na binti zake wawili. Mchoraji alimwondoa mtoto mdogo kwa kukosa nafasi.' Ni sawa?"

Bibi akalitazama lile neno nafasi. Mama yake alilibeba miaka arobaini na mitatu likiwa neno la mdomoni, likafa naye. Sasa lilitaka kupigiliwa ukutani, lisomwe na kila mtoto wa darasa la tatu atakayejifunza kusoma. Na yule mtu mrefu, mwenye kikohozi, angebaki mle chumbani akiwa mkavu daima.

Kumnyamazia mtu anayelaumiwa ni rahisi akiwa hayupo. Ndiyo maana aliweza miaka yote ile.

"Kifute," alisema.

"Sijaelewa, bibi."

"Nafasi ilikuwepo. Mjukuu wangu aliona, na ana miaka minane." Akakaa. Akawaeleza siku ya tatu, na foleni ya unga, na sumaku, na mkaguzi wa jeshi aliyemtumia kama chumvi kwenye uongo wake. Aliwaeleza kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja vipimo vya nguo. Alipomaliza, fundi alizima ile taa kwa adabu, kama watu wanavyofunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

"Ulikuwa mtoto, bibi," alisema binti. "Ulikuwa na miaka saba."

"Siku ile nilikuwa na miaka saba. Mama anakufa nilikuwa na hamsini. Ile hamsini nayo nilikuwa mtoto?"

 Binti akageuza karatasi upande mweupe. "Tuandikeje, basi? Tunaweza kusema 'aliondolewa baadaye'. Haina haja ya mengi."

"Andika: 'Mtoto wa pili aliondolewa kwa uongo wa dada yake. Mchoraji aliambiwa ni amri ya mama.' Na yule mdogo umwandike kwa jina alilozoea. Chiriku."

"Watu watakusema."

"Watakaonisema wote ni wadogo zangu. Waliostahili kunisema wamekwisha kufa. Andika, mwanangu."

*

Kibao kipya kilipowekwa, ilikuwa Jumamosi na binti yake Bibi hakuwa kazini, akasema anataka kwenda kuona chumba cha bibi yake. Yeye ndiye mama wa yule mjukuu. Alilelewa zaidi kwa bibi yake kuliko kwa mama yake, maana Bibi Vifungo alikuwa kwenye cherehani kutwa. Habari za mchoraji alizinywa pamoja na uji.

Bibi alikusudia kumwambia kabla hawajafika. Alikusudia mlangoni, akakusudia tena kwenye ngazi. Wakafika mbele ya picha hajasema, na binti yake akawa amekwisha kuinama asome.

Alisoma mara moja. Kisha akarudia, taratibu, midomo ikichezacheza kama mtoto anayesoma kwa herufi. Mjukuu alikuwa akimvuta mkono amwonyeshe tundu la ufunguo.

"Mama," akasema hatimaye. "Siku bibi anakata roho ulikuwa umemshika mkono."

"Nilikuwa nimemshika."

"Alimtaja. Mimi nilikuwa nimesimama pale miguuni. Alisema, yule mchoraji asipate nafasi mbinguni."

"Nilisikia."

"Na hukusema kitu."

"Nilimwambia, pumzika mama."

 Binti yake hakuwa mtu wa kupiga kelele. Angezipiga, Bibi angefarijika. Badala yake akamtazama yule mama wa kwenye picha, aliyewapa mgongo, kiatu kimoja amekivua. Mtoto akauliza kama sasa anaweza kuonyesha tundu, akaambiwa aonyeshe. Akaonyesha, akaeleza na dirisha, na karatasi, na bomu, na mama yake akaitikia kila moja kwa "ehee" ya chini kwa chini.

"Kama ungemwambia," alisema bila kugeuka, "angekasirika siku mbili. Angekupiga na ile futi yake ya mbao. Basi."

"Najua."

"Angekusamehe, mama. Alisamehe watu kwa makosa makubwa kuliko hayo."

"Hilo ndilo ninalolijua zaidi ya yote," alisema Bibi Vifungo. "Nililijua hata wakati ule."

Wakatoka. Binti yake alitangulia amemshika mtoto mkono, hatua ndefu, mkoba begani. Bibi alifuata nyuma na goti lake bovu, hakumwita amngoje. Hakujiona na haki ya kumwita. Mtoto aligeuka mara mbili kutazama nyuma, akavutwa. Walipofika barabara kubwa magari yalikuwa mengi. Mara ikapatikana nafasi ya kuvuka, binti yake asivuke. Ikapatikana nyingine. Alisimama pale ukingoni, uso mbele, mpaka mama yake akafika ubavuni kwake. Ndipo wakavuka.